Taa Kumi na Mbili Mbele Yangu

Jumamosi, 3 Agosti 2019

Kisiwa kizima cha Java, na watu wake wote wasiohesabika, hakuna anayekata kona kama mimi, Sapto. Nikiinama pale Secang, goti linachora lami. Kuku waliokwisha kuvuka barabara wanarudi ili wanione vizuri. Polisi wa trafiki hawanisimamishi kwa sababu hawajaamini walichokiona. Naandika hivi kwa unyenyekevu.

Pikipiki yangu ni Honda C70 ya mwaka 1976. Inanizidi miaka ishirini na minne. Mwisho wake sitini kwa saa, tena ikiteremka, na upepo uwe nyuma. Lakini sitini zangu si sitini za watu wengine.

Leo kikao cha chama, saa kumi na moja jioni, mbele ya duka la picha lililofungwa. Sisi ni Asap Tipis, yaani Moshi Mwembamba. C70 tu, hatuchanganyi. Zamani mji wetu wote wa Magelang ulikuwa na vyama viwili vya pikipiki, sasa kila mtu ana chama. Wenye Vespa wana chama. Wenye pikipiki kubwa wana vyama vitatu na hawasalimiani. Hata walimu wa chekechea wana chama, vizibao vya rangi ya waridi, nembo ya kipepeo.

Mimi bado sina kizibao. Mwaka na miezi miwili sasa ni mtarajiwa. Mtarajiwa anaosha pikipiki za wakubwa, anabeba spana, anacheka utani wao hata kama hauchekeshi.

Mas Wiji, yaani Kaka Wiji, kiongozi wetu wa msafara, anauza supu ya mipira ya nyama, na tumbo lake hufika kikaoni kabla yake. Leo kanikagua juu mpaka chini.

"Sapto, hiyo ekzosi yako inakohoa."

"Haikohoi, Mas. Inasafisha koo kabla ya kuimba."

"Iimbishe basi mbele ya kipimo cha moshi."

Pak Kasmin, yaani Mzee Kasmin, akacheka mpaka akashika mgongo. Yeye ndiye mdhamini wangu, maana huwezi kuwa mtarajiwa bila mzee wa kukusemea. Ana miaka sitini na minane, fundi cherehani, ndiye aliyeshona vizibao vyote vya chama. Anaendesha taratibu hivi kwamba siku moja mbwa alimfukuza, akamfikia, akaona haya, akarudi.

Jumatano, 14 Agosti

Nimetukanwa.

Nilikuwa kibandani kwa mjomba naziba pancha. Mas Wiji akaja. Jumamosi ni sikukuu ya Uhuru, chama kinapanda milima ya Dieng. Nikajua anakuja kuniweka mbele, nipasue upepo.

"Wewe utakuwa mkia," akasema.

Mkia! Wa mwisho kabisa! Wa kunusa moshi wa watu kumi na wawili!

Nikamwambia, Mas, unamfunga farasi wa mashindano kwenye mkokoteni wa maji. Akasema hakuna aliyepata kizibao bila kuwa mkia kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa mkia mwaka 2009, mvua kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ukiweza kukaa nyuma, watu wanaweza kukugeuzia mgongo.

Kisha akanisomea sheria kama vile sizijui. Mkia hampiti mtu wa chama. Mmoja akisimama, hata kama ni kukojoa, mkia anasimama naye. Kwenye kilele cha Kledung msafara unapunguza mwendo, mkia anahesabu taa nyekundu zilizo mbele yake, zikitimia anawasha taa yake kubwa mara tatu. Hapo ndipo kiongozi anaanza kuteremka.

"Kuhesabu mpaka kumi na mbili unaweza?"

"Mas, shule niliacha kidato cha pili cha ufundi, si chekechea."

"Nauliza tu. Ukifanya vizuri, tarehe ishirini na tano tunakuapisha."

Ishirini na tano! Siku kumi na moja.

Nimepita kwa Pak Kasmin kumpa habari. Alikuwa na pini mdomoni. Akasema vizuri, mimi nitakaa mbele yako tu, nikuzoeze kwenda polepole. Nimecheka. Moyoni nimesema Mungu wangu, tutafika Dieng Jumatatu.

Jumamosi, 17 Agosti

Siwezi kuandika. 

Pak Kasmin yuko hospitali. Mimi ndiye niliyemkuta.

Jumapili, 18 Agosti

Naandika sasa, polepole, yote.

Tuliondoka saa tano asubuhi baada ya bendera kupandishwa uwanjani. Kumi na watatu. Kila usukani na bendera yake ndogo, nyekundu na nyeupe. Watoto wanapunga. Pale Temanggung chama cha Vespa kikatupigia honi, tukawapigia, wakatupa stika, tukawapa stika. Safari ilivyotakiwa kuwa. Parakan tukala, Mas Wiji akala mara mbili. Pak Kasmin hakumaliza wali wake, akasema kichwa kinamgonga kidogo, ni jua. Mbak Endah, mkunga wetu na mwanamke pekee wa chama, akampa maji na kumwambia avue koti.

Baada ya Parakan barabara inapanda, mlima huku na mlima huku. Ni msimu wa tumbaku, chanja za mianzi zimeanikwa kando ya njia mpaka unapiga chafya ndani ya helmeti. Karibu saa nane ukungu ukashuka. Ghafla, mzito, mbichi. Tukasimama, tukavaa makoti ya mvua. Vizibao vyote vikapotea chini ya plastiki. Kila mtu akawa gunia lenye taa nyekundu nyuma.

Pak Kasmin alikuwa mbele yangu tu.

Hapo katikati hakuna cha kuandika. Ukungu.

Tukafika kilele. Mas Wiji akapunguza mwendo. Kando ya barabara kulikuwa na kundi la pikipiki kubwa kutoka Semarang wanapiga picha, na mabinti wao. Nikahesabu taa. Kumi na mbili. Nikahesabu tena, kumi na mbili. Nikawasha taa yangu kubwa mara tatu. Tukateremka.

Saa tisa tuko Kertek, kwenye kibanda cha chai. Watu wanavua makoti, wanapuliza mikono. Mtu mmoja akavua helmeti na alikuwa mtu nisiyemjua. Mwembamba, meno mawili, kifurushi cha tumbaku kifuani. C70 yake imeegeshwa katikati ya zetu kama vile imezaliwa nazo. Mas Wiji, kwa adabu yake, akamkabidhi bilauri ya chai.

"Karibu, Pak. Wewe wa chama gani?"

"Chama cha wakulima wa tumbaku," yule mtu akasema. "Tawi la mke wangu, ndiye mwenyekiti."

Kila mtu akacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

"Niliingia kwenye mstari wenu pale njia ya kijiji," akaendelea. "Kijana huyu wa nyuma akanipisha. Kwenye ukungu kufuata taa za watu ni raha sana, hupati hata shida ya kufikiri."

Mbak Endah ndiye aliyeacha kucheka wa kwanza. Akageuka, akatazama nyuso moja moja. Nikaona midomo yake inahesabu.

"Pak Kasmin yuko wapi?"

 Mas Wiji akapiga simu. Inaita tu. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimeshawasha pikipiki, sikungoja kuamriwa. Nilisikia Mas Wiji anaita jina langu kisha sikusikia kitu.

Sijui C70 ilipandaje mlima ule. Kona zile sikuzikata, zilinikata. Nikapita kilele, nikateremka upande wa Parakan, kona ya tatu, kwenye ukuta wa mawe.

Alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye chanja za tumbaku. Pikipiki imelala ubavuni. Helmeti bado kichwani. Uso wake, upande mmoja ulikuwa uso wake na upande mwingine umeponyoka, kama pazia lililokatika pete. Mate. Nikamwambia Pak, ni mimi, Sapto. Akanitazama. Anajua mimi ni nani. Nina uhakika alijua.

Nilisimama katikati ya barabara mpaka gari la kabeji likafunga breki. Tulimpakia juu ya kabeji, mimi na dereva na utingo wake. Nilimshika kichwa njia nzima mpaka hospitali ya bondeni. Saa kumi na nusu tuliingia. Sijawahi kumshika mtu mzima kichwa. Ni kizito.

Wengine wakafika baadaye. Daktari kijana, macho yamechoka. Kiharusi, akasema. Damu imeganda kichwani. Ipo dawa ya kuyeyusha, na wao wanayo, lakini inachomwa ndani ya saa nne na nusu tangu kilipoanza, ikipita hapo inaweza kumwua yenyewe.

"Kilianza saa ngapi? Nani alimwona mara ya mwisho akiwa mzima?"

Mas Wiji akasema Parakan, saa saba, baada ya hapo kwenye ukungu kila mtu alikuwa gunia tu. Mbak Endah akasema kule kichwa kilikuwa kinamgonga, huenda kilianza hapo hapo, huenda kabla. Daktari akanigeukia mimi.

"Wewe ulikuwa nyuma yake. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

Nikasema sijui, Daktari. Ukungu.

Akatazama saa ya ukutani. Akasema bila kujua saa, hathubutu. Hawakuichoma.

Jumatatu, 19 Agosti

Nimeamka simu ina ujumbe mia mbili na kumi na nne.

Nilidhani amekufa.

Kumbe wananisifu. Mas Wiji ameandika habari yote kwenye kundi la vyama vya mkoa, na picha yangu nikiwa korido ya hospitali, shati lina majani ya kabeji. Eti mtarajiwa wa Asap Tipis alirudi peke yake ndani ya ukungu wa Kledung. Eti alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kona aliyokuwepo mzee, hakuuliza mtu, hakukosea. Eti mdhamini na mtoto wake wana uzi mmoja moyoni. Vyama vya Yogya vimeisambaza. Semarang wameisambaza. Walimu wa chekechea wametuma vipepeo arobaini.

Kosa la kuhesabu limesamehewa. Mas Wiji mwenyewe kaandika: taa kumi na mbili zilikuwepo kweli, na pikipiki ni aina ile ile, hata yeye angehesabu vile. Yule mkulima ametuma salamu na kilo ya tumbaku, anajilaumu yeye.

Mimi nimejisifu tangu nikiwa na miaka sita, kila siku, bila likizo. Leo watu elfu wananisifu bure. Nimeshindwa kumaliza wali.

Jumatano, 21 Agosti

Nimekwenda hospitali. Nilizunguka maegesho mara nne kwanza.

Pak Kasmin amekaa, wamemwegemeza mito. Mkono wa kulia uko juu ya shuka kama kitu alichokisahau mtu mwingine. Ana neno moja tu lililobaki. Bu Kasmin, mke wake, akamwuliza unataka maji? Akasema, "Basi." Dirisha lifunguliwe? "Basi." Akaniona mimi mlangoni. "Basi, basi, basi." Jasho likamtoka, anasukuma kitu ambacho hakitoki, na kinachotoka ni neno lile lile.

Bu Kasmin akafurahi. "Unaona, Sapto? Leo kaongea zaidi. Anakushukuru."

Nikasema nakwenda kutazama pikipiki.

Nje nikakutana na Mbak Endah. Nikamwuliza, kama kawaida, kama vile nauliza bei ya plagi: ile dawa ingechomwa, ingekuwaje? Akasema hakuna ajuaye. Wengine wanasimama na kutembea. Wengine hapana. Akanishika bega.

"Usijitese, dogo. Hukuwa na saa. Hakuna aliyekuwa nayo."

Ijumaa, 23 Agosti

Bu Kasmin amekuja kibandani. Kwa miguu, na kapu la tempe, vipande vya soya vya kukaanga. Mjomba akamwekea kiti. Akasema anatafuta nyuzi nyumbani za kuuza, cherehani sasa ya nini, akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akakuta hiki.

Kizibao. Kipya. Nembo ya Moshi Mwembamba mgongoni, ukingo umepitishwa sindano mara mbili kama anavyofanya kwa wakubwa tu. Kifuani jina langu. Namba 13.

"Amekushonea tangu Idi," akasema. "Nilimwambia mtoto mwenyewe hajakubaliwa. Akaniambia atakubaliwa, na akikubaliwa nitakuwa nimeshazeeka mno kutunga uzi."

Mjomba akageuka kutafuta pampu ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Nikamwambia Bu, sistahili. Akasema ndivyo wanavyosema wanaostahili. Akaniambia nikijaribu. Kimenienea kama ngozi. Alinipima lini? Hajawahi kunipima. Alinitazama tu.

Jumapili, 25 Agosti

Naandika nyuma ya jiko la Mas Wiji, nimekaa juu ya mtungi wa gesi. Wanadhani nabadilisha nguo.

Uwanja umejaa. Pikipiki mia, labda zaidi. Vespa, zile kubwa, wa Yogya, wa Semarang. Ndoo ya maji ya maua iko tayari, waridi na yasmini, wananimwagia kichwani, nabusu bendera ya chama, navishwa kizibao, nakula kiapo. Bu Kasmin ndiye atakayenivisha. Amemleta na Pak Kasmin, kwenye kiti cha magurudumu, mbele kabisa, kofia ya chama kichwani. Hospitali wamemruhusu jana. Nimechungulia. Midomo yake inakwenda.

Kiapo nimekifanyia mazoezi wiki nzima. Sitamwacha ndugu yangu barabarani. Maneno manne. Nimekwama kwenye la kwanza.

Sasa nasikia Mas Wiji kwenye kipaza sauti. Anaeleza tena habari ya ukungu. Anaieleza vizuri. 

Daftari, nimekudanganya. Nilisema hapo katikati hakuna cha kuandika.

Nilifunga simu kwenye usukani, inanirekodi mimi, uso wangu, nikipanda Kledung kwenye ukungu. Nilitaka wale mabinti wa Semarang wanione baadaye. Kwenye kona ya tatu chini ya kilele, Pak Kasmin akapepesuka, akaenda kando, akasimama. Nikampita. Nilimwona kwenye kioo. Nikasema moyoni, mzee na kibofu chake, akimaliza atatufuata, mimi sifiki kileleni nyuma ya watu wote nikiwa na mzee anayefunga zipu. Nikainua dole gumba. Nikaongeza mafuta. Juu kidogo yule mkulima akatokea njia ya kijiji, nikampisha, nikafurahi hesabu ilipotimia. Nilijua imetimiaje. Hakuna mtu anayeweza kunipita mimi nisimwone.

Ndiyo maana nilikwenda moja kwa moja. Hakuna uzi wa moyoni.

Lakini kosa si hilo. Mtu anaweza kumpita mtu. Ni mbaya, unavuliwa utarajiwa, unalia, unaziba pancha mpaka unazeeka.

Video ninayo. Nimeitazama mara tisa. Mimi niko mbele nacheka, nanyoosha midomo, na nyuma ya bega langu yeye yuko kando ya barabara, mkono wa kushoto juu ananiita, wa kulia unaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa msumarini. Anapungua, anapungua, ukungu unamfunika. Juu kwenye kona ya video kuna namba ndogo nyeupe. Saa nane na dakika ishirini.

Wanaita jina langu. Mara ya pili hii. Wanapiga injini zote pamoja, sufuria za Mas Wiji zinatetemeka ukutani. Mbak Endah anagonga mlango, anasema dogo, maji yanapoa, unaona haya leo wewe?

Daktari aliniuliza saa. Saa kumi na nusu, muda bado upo, dawa iko kabatini kwake, Mas Wiji na chama kizima wamesimama wananitazama. Nikasema sijui.

Nilikuwa nayo mfukoni.